Mtafiti wetu wa kemia ya nyuklia atuzwe angali kijana

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nilete hoja ambayo, kwa kadiri nilivyofuatilia magazeti na redio za hapa Pwani, haijaguswa na mtu. Hivi karibuni binti mmoja aliyezaliwa na kusomeshwa Mombasa, ambaye sasa anafanya utafiti wa kemia ya nyuklia katika chuo kikuu cha ng'ambo, ametunukiwa na chama cha kitaaluma cha huko tuzo wanayopewa watafiti walio katika miaka ya mwanzo ya kazi yao. Wazazi wake wameniruhusu kuiandika habari hii kwa sharti kwamba nisitaje jina lake wala mtaa wao, nami nitalishika sharti hilo. Ninachotaka kukisema hakihitaji jina. Mji huu unapaswa kuwa na heshima yake yenyewe, iliyo rasmi na yenye manufaa, kwa vijana wanaofanya kazi ya aina hii, na heshima hiyo iwafikie wakati wangali maabarani.

Nilifundisha kemia katika shule za upili za kaunti hii mpaka nilipostaafu, kwa hiyo wasomaji wataniwia radhi nikianza na kemia kabla ya kufika kwenye tuzo. Jamii isiyojua inachokiheshimu huishia kupiga picha na kusahau, na bila kuieleza kazi yenyewe sitaweza kuonyesha kwa nini nasisitiza ujana.

Utafiti wa binti huyu unahusu luteti-177, mojawapo ya radioisotopu zinazotumiwa kutibu saratani. Radioisotopu ni atomi ambayo kiini chake hakijatulia, na ambayo hutoa mionzi inapogeuka kuwa atomi nyingine. Luteti-177 hutoa chembe za beta ambazo ndani ya mwili hazisafiri zaidi ya milimita mbili hivi. Ikifungwa kwenye molekuli inayoutambua uvimbe na kuugandamia, huziunguza seli za saratani huku seli nyingi za jirani zikisalimika. Pamoja na beta hutoa miale kidogo ya gama inayoweza kupigwa picha kutoka nje, hivyo daktari huona dawa imefika wapi na haikufika wapi. Marekani iliidhinisha mwaka 2018 dawa ya luteti-177 kwa aina fulani ya uvimbe wa utumbo na kongosho, na mwaka 2022 ikaidhinisha nyingine kwa saratani ya tezi dume iliyosambaa mwilini, ugonjwa ambao kila mtaa wa Mombasa unaujua hata kama wazee wetu wanaona haya kuutaja barazani.

Isotopu hii hupatikana kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuchukua luteti-176 na kuipiga kwa nyutroni ndani ya kinu cha nyuklia. Ni njia fupi, lakini huacha ndani ya dawa luteti nyingi isiyo na kazi, pamoja na kiasi kidogo cha luteti-177m, ambayo nusu-maisha yake ni siku 160; yaani baada ya siku 160 nusu yake bado ipo, na hospitali hujikuta na takataka nururifu za kuhifadhi na kulinda muda mrefu baada ya mgonjwa kwenda nyumbani. Njia ya pili ni kuipiga kwa nyutroni iterbi-176, ikawa iterbi-177, ambayo kwa nusu-maisha ya saa mbili kasoro hugeuka yenyewe kuwa luteti-177 safi, isiyo na mwenzake wa siku 160. Hapo ndipo kazi ya mwanakemia inapoanza. Iterbi ni elementi ya 70 na luteti ni ya 71. Ni majirani katika jedwali la elementi, ayoni zao, yaani atomi zao zikiwa na chaji ya umeme, zina chaji ileile na ukubwa unaokaribiana mno, nazo humenyuka karibu sawasawa, kama pacha waliovishwa kanzu za kitambaa kimoja. Isitoshe, iterbi inayobaki huwa nyingi kuliko luteti iliyozaliwa kwa mara elfu kadhaa. Mwanakemia hutakiwa kuitoa hiyo chache katika hiyo nyingi, akiwa nyuma ya ukuta wa madini ya risasi unaozuia mionzi, akitumia mikono ya mashine, wakati kila saa inayopita inapunguza kile anachokitafuta.

Binti wetu anachunguza molekuli zinazoweza kuishika luteti kwa nguvu iliyozidi kidogo tu ile zinayoishikia iterbi, na namna ya kuzipanga ndani ya mirija ya kuchujia ili utengano huo mdogo ujirudie mara nyingi mpaka uwe mkubwa. Akifaulu kupunguza hatua moja katika mchakato huo, dawa itafika kwa mgonjwa ikiwa na nguvu zaidi na kwa gharama ndogo zaidi. Hii ni kazi ya subira ambayo haipigiki picha. Mtu akiingia katika maabara yake ataona vichupa, mirija na karatasi za hesabu, na ataondoka akijiuliza tuzo ilikuwa ya nini.

Watu wa Pwani wataniuliza haya yote yanawahusu nini. Yanawahusu kwa sababu tiba na vipimo vya radioisotopu hutawaliwa na saa na umbali, nasi tuko mbali. Chukua florini-18, ambayo huunganishwa na aina ya sukari na kudungwa mgonjwa kabla ya kipimo cha PET, aina ya picha inayoonyesha isotopu imejikusanya wapi mwilini, ili uvimbe unaokula sukari kwa pupa uonekane. Nchini mwetu hutengenezwa Nairobi na viungani mwake, kwa saiklotroni, mashine ya kurushia chembe za atomi kwa kasi kubwa, ya Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan na ile ya Hospitali ya Mafunzo, Rufaa na Utafiti ya Chuo Kikuu cha Kenyatta. Nusu-maisha yake ni dakika 110. Lau ingepakiwa kwenye treni ya SGR, ambayo hutumia saa tano hadi sita kufika Miritini, ingeshushwa ikiwa imebaki sehemu moja kati ya nane, na hapo sijahesabu foleni ya kuingia Syokimau wala ile ya kutoka Changamwe. Kwa ndege, ukijumlisha ukaguzi, upakiaji na safari ya kutoka uwanja wa ndege wa Moi hadi hospitalini, tuseme saa tatu, ingefika ikiwa imebaki kama theluthi moja. Ndiyo sababu mgonjwa hupelekwa iliko isotopu. Mzee wa Kisauni au mama wa Likoni hupanda basi la usiku, hulala kwa jamaa, hupimwa, kisha hurudi na karatasi ya majibu ambayo mara nyingine hana wa kumfafanulia.

Hospitali yetu Kuu ya Rufaa ya Pwani, ambayo wengi tungali tunaiita Makadara, ina kituo cha saratani chenye tiba ya mionzi inayoelekezwa mwilini kutoka nje, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini mionzi ya nje humfaa zaidi mgonjwa ambaye uvimbe wake unajulikana uko wapi. Saratani ikishatawanyika kwenye mifupa na matezi, ndipo dawa inayosafiri kwa damu na kuutafuta uvimbe popote ulipo inapohitajika, na dawa hiyo ina mahitaji yake ya pekee.

Kwa bahati njema si isotopu zote zilizo na haraka kama florini. Gali-68, inayotumiwa pia katika kipimo cha PET, hasa kwa saratani ya tezi dume, huisha nusu kwa dakika 68, ila mzazi wake, yaani isotopu inayogeuka kuwa gali hiyo, ni germani-68 ambayo nusu-maisha yake ni siku 271. Maana yake ni kwamba jenereta moja ya germani, inayotosha juu ya meza, inaweza kutoa gali mpya kila siku kwa miezi mingi bila ya saiklotroni kuwa karibu. Tekneti-99m, ambayo hutumika katika takriban asilimia 80 ya shughuli zote za tiba ya nyuklia duniani, iko vivyo hivyo: yenyewe ina nusu-maisha ya saa sita, lakini mzazi wake molibdeni-99 ana saa 66, na jenereta yake hukamuliwa kila asubuhi kwa maji ya chumvi kwa muda wa wiki moja hivi kabla haijachoka. Luteti-177 nayo, kwa nusu-maisha ya siku 6.65, ikisafiri siku mbili tangu kutoka kiwandani mpaka Mombasa itafika ikiwa na zaidi ya asilimia 80 ya nguvu zake. Kwa mji ulio karibu kilomita 500 kutoka jiji kuu, hizi ndizo hesabu zinazofaa kupigwa kabla ya mtu yeyote kukata utepe wa mtambo wa mamilioni. Anayezipiga ni mwanakemia wa nyuklia. Yeye pia ndiye anayehakikisha kila asubuhi kwamba germani au molibdeni haikuvuja kutoka ndani ya jenereta ikaingia kwenye sindano ya mgonjwa, na ndiye atakayetakiwa kujibu maswali Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia ya Kenya, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019, itakapokuja kukagua. Mashine hununuliwa kwa mkopo, lakini mtu wa namna hii huchukua miaka kumi na zaidi kupatikana.

Nafahamu kwamba neno nyuklia halisikiki vizuri ufukweni kwetu tangu ulipotangazwa mpango wa kujenga kituo cha umeme wa nyuklia huko Uyombo, katika kaunti jirani ya Kilifi. Wakazi wa Uyombo waliupinga kwa hoja za ardhi, uvuvi na mazingira, na mimi sina sababu ya kuwalaumu. Hata hivyo, kumheshimu mtafiti wa isotopu za tiba hakumlazimu mtu kuunga mkono umeme wa nyuklia, wala kuupinga; ni mambo mawili ambayo yamekutana katika neno moja kwa sababu yote yanaanzia kwenye kiini cha atomi. Tena ikiwa hofu yetu kubwa ni takataka nururifu, basi nashangaa kwamba hatumsikilizi mtu ambaye kazi yake ya kila siku ni kutafuta njia ya kutengeneza dawa isiyoacha nyuma yake kitu cha siku 160. Kama tungekuwa na vijana watano wa aina yake waliokaa mikutanoni Kilifi na kujibu maswali kwa Kiswahili na Kigiriama, mjadala ule ungekuwa na manufaa zaidi kwa pande zote, hata kama uamuzi wa wakazi ungebaki uleule.

Sasa nije kwenye ujana. Iodini-131, ambayo imetibu maradhi ya tezi ya thairoidi ulimwenguni kote, iligunduliwa mwaka 1938 na Glenn Seaborg na John Livingood huko Berkeley, California. Seaborg alikuwa na umri wa miaka 26, na alikuwa ameipata shahada yake ya uzamifu mwaka uliotangulia tu. Daktari Joseph Hamilton alikuwa akitumia katika uchunguzi wake iodini yenye nusu-maisha ya dakika 25, akalalamika kwamba inamwishia kabla hajaifanyia kazi ya maana. Seaborg akamuuliza angependa idumu muda gani, naye akajibu kama wiki moja. Iliyopatikana ikawa ya siku nane. Mwaka huohuo Seaborg pamoja na Emilio Segrè wakaitambua tekneti-99m, ambayo leo ndiyo tegemeo la hospitali nyingi kuliko isotopu nyingine yoyote. Baadaye alisimulia kwamba mama yake mzazi alitibiwa kwa iodini hiyohiyo. Tuzo ya Nobel ilimfikia mwaka 1951 kwa kazi nyingine, na elementi ya 106 ikathibitishwa kwa jina lake mwaka 1997, alipokuwa na miaka 85. Huyo alibahatika: alikuwa na maabara, mshahara, saiklotroni ya Ernest Lawrence na wakubwa waliomwamini tangu mwanzo.

Mfano unaonigusa zaidi ni wa Marguerite Perey wa Ufaransa. Alijiunga na Taasisi ya Radi mjini Paris mwaka 1929 akiwa msaidizi wa maabara wa Marie Curie, na hakuwa na shahada yoyote ya chuo kikuu. Alikuwa na cheti cha ufundi wa kemia na mikono yenye ustadi usio wa kawaida. Kazi aliyopewa ilikuwa ya kusafisha aktini, kuitenga na kila kilichochanganyika nayo. Mwezi wa Januari mwaka 1939, akiwa na miaka 29, aliona kwamba aktini aliyotoka kuisafisha ilitoa mionzi ambayo haikulingana na chochote kilichojulikana. Wengine hawakuiona kwa sababu walichelewa kupima: chanzo chake kilikuwa na nusu-maisha ya dakika 22 tu, na bila ya wepesi wa mikono yake kisingalitambulika. Hiyo ilikuwa elementi ya 87, ambayo aliipa jina la nchi yake, fransi. Shahada ya uzamifu aliipata mwaka 1946. Mwaka 1962 Chuo cha Sayansi cha Ufaransa kilimchagua kuwa mwanachama mshirika, mwanamke wa kwanza kuchaguliwa katika chuo hicho ambacho mwaka 1911 kilimkataa Marie Curie mwenyewe. Lakini heshima hiyo ilimkuta afya yake imekwisha kudhoofishwa na miaka mingi ya kufanya kazi na mionzi, na mwaka 1975 akafariki dunia.

Namtaja Perey kwa makusudi, kwa sababu sisi tuna mazoea yaleyale ya kusubiri. Orodha ya nishani za kitaifa inayotangazwa kila Desemba hujaa watumishi na wanasiasa wa umri mkubwa, na mwanasayansi akiwemo, mara nyingi ni yule ambaye nywele zimekwisha kuwa nyeupe na maabara yake imekwisha kufungwa. Sina kinyongo na wazee. Mimi mwenyewe ni mmoja wao. Nasema tu kwamba katika taaluma hii mtu huhitaji kuungwa mkono pale ambapo mkataba wake wa utafiti ni wa miaka miwili au mitatu, hajui kama utaongezwa, na kampuni ya mafuta au benki inamwita kwa mshahara maradufu. Wengi huiacha kemia ya nyuklia katika kipindi hicho. Heshima inayokuja miaka 30 baadaye haiwezi kumrudisha aliyeondoka.

Wala tusidhani kwamba kazi hii ni ya Wazungu peke yao. Kinu cha SAFARI-1 kilichoko Pelindaba, karibu na Pretoria, kilianza kazi mwaka 1965, na Afrika Kusini imekuwa miongoni mwa wauzaji wakuu wa molibdeni-99 duniani. Umuhimu wake ulionekana wazi mwaka 2009, kinu cha Chalk River nchini Kanada kiliposimama mwezi wa Mei na kukaa bila kazi mpaka Agosti ya mwaka uliofuata, huku kile cha Petten nchini Uholanzi nacho kikifungwa kwa matengenezo. Hospitali za nchi tajiri zikaahirisha vipimo, na ikadhihirika kwamba dunia nzima inategemea vinu vichache vilivyozeeka. Huko huko Pretoria, Profesa Mike Sathekge na wenzake walichapisha mwaka 2019 matokeo ya kuwatibu kwa aktini-225 wagonjwa 17 wenye saratani ya tezi dume iliyokomaa ambao walikuwa hawajapewa tibakemikali, na kwa 14 kati yao kiwango cha kiashiria cha saratani katika damu kilishuka kwa asilimia 90 au zaidi. Ni kundi dogo, na dawa hiyo hukausha mate ya mgonjwa kiasi cha kumsumbua, kwa hiyo hakuna aliyetangaza ushindi. Lakini aktini ni elementi ileile ambayo Perey alikuwa akiisafisha, na ni adimu mno mpaka leo. Atakayepata njia nzuri ya kuizalisha na kuitenga atakuwa ni mwanakemia, na hakuna sheria ya maumbile inayosema asiwe wa Mombasa.

Wapo watakaosema kwamba aliyekwenda ng'ambo ametutupa, kwa hiyo wampe heshima hao anaowatumikia. Nawajibu kwamba hatuwezi kumlaumu mtu kwa kutofanya kazi katika maabara ambayo hatukuijenga. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013 inasema asilimia mbili ya pato la taifa ielekezwe kwenye utafiti, kiwango ambacho bajeti zetu hazijawahi kukifikia. Waliotangulia walisema mcheza kwao hutuzwa, na binti huyu hajapata uwanja wa kuchezea kwao. Tukianza sisi kumtuza, pengine uwanja utafuata.

Mombasa hatuna uhaba wa sherehe. Kijana akirudi na kombe hupokewa kwa leso na vigelegele, mheshimiwa hupiga naye picha, na wiki inayofuata kila mtu hushika lake. Vigelegele ni vyema, na mama yake anavistahili, ila heshima ninayoipendekeza ni ya aina nyingine. Serikali ya kaunti, Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa na Chuo Kikuu cha Pwani vingeweza kushirikiana kuanzisha tuzo ya mtafiti chipukizi wa sayansi ya isotopu za tiba, kwa mtu aliyezaliwa au kusomea Pwani, ambaye bado anaandika tasnifu yake ya uzamifu au hajapitisha miaka kumi tangu aipate. Waamuzi wawe wanasayansi wenyewe, na Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nyuklia ya Chuo Kikuu cha Nairobi ina watu wa kutosha kusaidia katika hilo. Asiwemo mjumbe hata mmoja aliyeteuliwa kwa sababu ya chama chake. Mafundi wa maabara wasifungiwe mlango kwa kukosa shahada, kwani kwa kipimo hicho Perey mwenyewe angekosa. Fedha, hata zikiwa kidogo, zitolewe kwa kazi: nauli ya kwenda kutumia kifaa ambacho hakipo hapa, kemikali, au mshahara wa miezi kadhaa ya kuja kufundisha nyumbani. Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki lilianzisha mwaka 2020 ufadhili wenye jina la Marie Skłodowska-Curie kwa wanawake wanaosomea shahada ya uzamili katika fani za nyuklia, na heshima yake iko katika karo na posho inayolipwa, wala hakuna anayekumbuka ukumbi ambamo ilitangazwa.

Kiasi cha fedha sitakitaja, maana nikitaja mjadala wote utakuwa wa kiasi hicho. Najua tu kwamba gharama za hafla moja kubwa ya kaunti, pamoja na mahema, viti na vipaza sauti, zingemweka mtafiti mmoja maabarani kwa muda wa kutosha kumaliza jaribio.

Nimeambiwa kwamba binti huyu atakuwa nyumbani mwezi wa Desemba kuwaona wazazi wake. Naomba, kupitia ukurasa wako, kwamba mojawapo ya vyuo nilivyovitaja imwalike kwa siku moja atoe mhadhara kwa Kiswahili, mbele ya wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne, madaktari na wauguzi wa kitengo cha saratani, na wawakilishi wa wakazi wa Uyombo wakipenda kuja. Na kwamba afisa wa afya wa kaunti awepo akiwa na daftari, amuulize ni jenereta gani inayofaa hospitali yetu, chumba chake kijengweje, na nani apelekwe kusomea kuitunza. Mhadhara huo ukichapishwa katika gazeti lako, niko tayari kusaidia kuyahariri maneno ya kemia bila malipo.

Wako mwaminifu,

Mwalimu mstaafu wa kemia,
Tononoka, Mombasa